Moja Kumi na Saba

Siku niliyopelekwa Bungoma kujulishwa kwa wakwe, mama mkwe alinivuta jikoni, akarudisha mlango na kuniambia nijue mapema kwamba boma lile lilikuwa na wake wawili. Mchumba wangu alikuwa ameniapia kwamba baba yake, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, alikuwa na mke mmoja tu tangu ujana wake.

"Bibi-mwenza wangu ako pare sebureni," mama mkwe alininong'oneza, kwa ule ulimi wake unaogeuza l kuwa r. "Arinitangulia kwa hii nyumba. Hapiki, hafui, hazai, na bado ndiye anapendwa. Chunguria uone."

Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango. Nilimwona mzee mwembamba ameinamia daftari, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, midomo ikicheza bila sauti. Mwanamke hakuwepo. Juu ya ukurasa, kwa tarakimu kubwa nilizozisoma kutoka jikoni, kulikuwa na namba moja: 11,111,111,111,111,111. Mama mkwe alicheka hadi akashika meza. Nami nilicheka, ila changu kilikuwa kicheko cha mtu aliyeokota kitu njiani. Niliijua ile namba. Nilikuwa naolewa katika nyumba yenye mgonjwa wa ugonjwa wangu!

Mimi ni mzaliwa wa Kiminini. Babu zangu walitoka sehemu za Kati wakaja kulima mahindi Trans-Nzoia, na kwetu hesabu ni ya magunia basi. Mimi peke yangu ndiye niliyepotoka. Nafundisha hisabati katika shule moja ya upili mjini Kitale, na nikiona namba iliyopakwa ukutani, hata ya simu ya fundi wa mifereji, siwezi kupita kabla sijaijaribu kama inagawanyika kwa saba. Nina hasira za haraka, lakini kicheko changu kina mbio zaidi, na mara nyingi vyote viwili hufika mlangoni pamoja.

Sasa, namba za moja tupu ni viumbe vya ajabu. Ukiandika 1 mara mbili, unapata kumi na moja, namba tasa, haikubali kugawanywa na yeyote. Ukiiandika mara tatu, unapata 3 mara 37. Mara tano ni 41 mara 271. Ukichukua moja tisa ukazizidisha kwa zenyewe, jibu linapanda ngazi hadi tisa na kushuka tena: 12,345,678,987,654,321. Mara ya kwanza kuliona hilo nilikuwa chuoni, nikatoka bwenini na kandambili za mtu mwingine kumtafuta wa kumwonyesha, na niliyemwonyesha aliniuliza kama nimekula.

Baba mkwe alianzia huko huko. Akiwa mwalimu kijana alizivunja moja saba, yaani alipata namba za kuzigawanya bila baki, akazivunja moja kumi na moja, akazivunja moja kumi na tatu, zile zinazoanza kwa kukubali 53 bila ubishi. Kisha akafika kwa moja kumi na saba, zikamgomea. Alikuwa amezigomea pia, mwaka baada ya mwaka, akijaribu kuzigawanya kwa namba mbili kila siku: moja asubuhi kabla ya kengele ya shule, nyingine alasiri akirudi.

Nilijaribiwa siku ile ile ya kwanza. Nikiwa nachambua majani ya mboga ya mrenda, sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta, taratibu, ya mtu anayeuliza darasa zima: "Na moja saba je, zinagawanyika?"

"Kwa mia mbili thelathini na tisa, baba," nilijibu bila kuinua kichwa.

Mama mkwe aliacha kukoroga. "Mchinjeni huyo kuku mkubwa," sauti ikasema.

Lazima nieleze jambo la adabu. Katika boma lile mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, haketi kiti chake, hali naye meza moja, wala hapokei kitu kutoka mkononi mwake moja kwa moja. Mimi si wa huko, na mwanzoni nilidhani nitasahau na kuaibisha watu. Lakini hesabu ilitupatia njia. Palikuwa na kigoda kati ya sebule na jikoni. Baba mkwe aliandika kwenye karatasi namba aliyokwisha kuijaribu, ili niihakiki, akaiweka kigodani, akaondoka huku akikohoa. Nami nilikwenda nikaichukua, nikaigawanya kwenye meza ya jikoni katikati ya vitunguu, nikairudisha kigodani na baki yake. Kwa miaka minne ya ndoa tulifanya kazi hivyo kila likizo, na sidhani kuna wakwe wawili Bungoma nzima waliojuana kama sisi bila kugusana hata kidole.

Kazi yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Moja kumi na saba zina masharti. Namba tasa yoyote inayotaka kuzigawanya, ukiipunguza moja, kinachobaki lazima kigawanyike kwa thelathini na nne. Hilo mzee alikuwa amelithibitisha mwenyewe, na uthibitisho alikuwa ameubandika ndani ya kabati la vyombo. Kwa hiyo hakujaribu kila namba. Alirukaruka thelathini na nne, thelathini na nne, akitupa zile zinazogawanyika waziwazi, akipanda kuelekea mamilioni. Nilipoolewa alikuwa amevuka milioni tano.

Simu ilikatazwa. Jirani mmoja, mhadhiri kule Kibabii, aliwahi kuitoa mfukoni na kusema, "Mwalimu, hii ni dakika moja tu," naye mzee alimtoa nje kwa upole, kama unavyomtoa mtu anayetaka kukuambia matokeo ya mechi ambayo hujaitazama. Alitaka kuiona sifuri ikitoka kwenye kalamu yake. Hakutaka kitu kingine, na hilo alilisema hata kwenye sala ya chakula.

Halafu daktari wa macho akampa habari. Presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limepoteza nusu, la kushoto limeanza, na kilichopotea hakirudi. Dawa ingechelewesha tu. Mama mkwe alinipigia simu nikiwa Kitale, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Anaandika tarakimu kubwa kama za chekechea," alisema. "Daftari rinaisha wiki moja. Na hajapata."

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani, labda ile namba. Nilikuwa chumba cha walimu, na rundo la madaftari ya kidato cha pili mbele yangu, nikachukua simu nikatenda dhambi. Niliandika zile moja kumi na saba, nikabonyeza. Jibu lilikuja kabla sijajuta: 2,071,723 mara 5,363,222,357.

Niliruka. Mwalimu wa Kiswahili aliuliza kama nimepata uhamisho. Namba mbili mbaya, chakavu, zisizo na sura wala mpango, na ukizikutanisha zinazaa moja tupu! Nilicheka peke yangu hadi kwenye mlango wa darasa. Nilikuwa nimeshaanza kuigawanya ubaoni, mgongo kwa wanafunzi, nilipoganda na chaki hewani. Milioni mbili. Mzee alikuwa milioni tano.

Alikuwa ameipita.

Nilikaa na hilo wiki tatu kama mtu aliyemeza kaa la moto na kuambiwa atabasamu. Kama angeendelea mbele, asingekuta kitu chochote, si mwaka huu wala katika maisha kumi, maana kigawanyo kinachofuata kiko juu ya bilioni tano. Alikuwa anatumia macho yake ya mwisho kutafuta nyumbani mtu aliyeachwa nyuma barabarani. Kumwambia jibu kungemuua. Kumkosoa uso kwa uso, mimi mke wa mwanawe, kusingewezekana hata kama ningethubutu. Kunyamaza nako kulikuwa ukatili.

Likizo ya Agosti ilipofika nilimwambia mama mkwe kila kitu, nyuma ya ghala la mahindi. Alisikiliza, akaniuliza swali moja tu: "Ari-iona kwa macho yake na ikamtoroka?" Nikamwambia ndiyo. "Shenzi sana," akasema, akimaanisha namba.

Madaftari yalikuwa kwenye sanduku la bati chumbani mwao, mahali nisipoweza kukanyaga. Aliyatoa mwenyewe akisingizia mende, akayaanika uani, nami nikayapekua kwa mpangilio hadi nikafika. Mzee alikuwa na utaratibu wake: ukurasa mmoja kwa siku, tarehe juu, namba ya asubuhi na ya alasiri. Na hiyo hapo, ya alasiri, kwa wino wa chupa: 2,071,723. Niliifuata hatua kwa hatua. Tano, tatu, sita, tatu, vyote sawa. Kisha kutoa: 6,675,831 toa 6,215,169. Alikuwa ameazima moja kutoka kwa ile nane na kusahau kuipunguza. Mahali pa 460,662 aliandika 460,762. Kosa ambalo mimi humpigia mtoto wa kidato cha kwanza mstari mwekundu. Kuanzia hapo kila kitu kilienda upande, akapata baki, akakata namba kwa mstari uliopinda kidogo.

Mpango ulikuwa wa mama mkwe. Mzee hakubali pengo, alisema. Daftari likiharibika atarudia kurasa zote zilizoharibika. Kwanza aliliacha wazi chini ya bati linalovuja. Bungoma hunyesha kila alasiri ya Agosti. Siku ile halikuanguka hata tone, na mama mkwe aliketi mlangoni akiitukana mbingu kwa lugha yake, akitubu, kisha akiitukana tena. Kesho yake, Jumatano, nilichukua kikombe cha chai ya maziwa, nikasimama juu ya daftari, na mkono ukakataa. Mama mkwe aliupiga kiwiko.

Kurasa nne zilizama. Mzee alipoingia, aliliinua lile daftari kwa mikono miwili kama kifaranga kilichotumbukia kwenye maji. Hakusema neno baya. Hilo ndilo lililoniumiza. "Namba nane," alisema. "Nilishazimaliza hizi, lakini nitazirudia. Daftari lenye pengo si daftari."

Ushindi! Nilikimbilia nyuma ya choo nikaruka mara tatu. Kisha nikakumbuka: namba mbili kwa siku, na yetu ilikuwa ya sita. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi alasiri. Nasi tulitakiwa kurudi Kitale Jumapili.

Sijawahi kuona siku ndefu kama zile. Alhamisi mzee aligawanya ya kwanza na ya pili, akapata baki, akaenda kuangalia ndizi. Ijumaa wageni wa kanisa walimchelewesha, na mimi niliwaandalia chai kwa kasi ambayo haikuwa ya Kikristo. Mama mkwe alikuwa anapita sebuleni kila baada ya dakika kumi na fagio, hadi mzee akauliza, "Leo uchafu unatoka wapi?" Mume wangu, fundi wa friji, ambaye hesabu za baba yake zilimchosha tangu alipokuwa akitumwa madaftari utotoni, alituona tukicheka ovyo na kuuliza kama tumechanganyikiwa. Tulimwambia ndiyo.

Jumamosi saa tisa mzee aliketi barazani, akafuta miwani, akaandika 2,071,723. Mimi na mama mkwe tulikuwa hatua sita hivi, tukichambua mrenda ambao ulikuwa umekwisha chambuliwa. Kalamu ilikwenda. Tano. Tatu. Sita. Tatu. Alifika kwenye ile kutoa, akainamisha uso hadi pua ikakaribia karatasi. Aliazima. Alipunguza. Nilimkanyaga mama mkwe mguu. Mbili, mbili, mbili, tatu, tano. Mwisho alikuwa na 14,502,061, akaandika saba, akazidisha, akapata 14,502,061.

Hakusogea. Alitoa. Aliandika sifuri, ndogo, kama anaogopa kuiamsha. Kisha akafungua ukurasa mpya akarudia yote tangu mwanzo, nasi tulibaki pale pale, mrenda umetuganda mikononi.

Sifuri tena.

"Mama," aliniita, sauti imepanda kama ya mvulana. "Mwalimu. Leta chaki."

Niliiweka kigodani. Aliichukua akaenda kwenye mlango wa ghala, mlango mpana wa mbao, akazizidisha zile namba mbili kwa tarakimu kubwa za jicho lililochoka, mistari saba, mmoja chini ya mwingine. Kisha akaanza kujumlisha kutoka kulia. "Moja," alisema. Safu iliyofuata: "Moja." Iliyofuata, akabeba: "Moja!" Watoto wa jirani waliokuja kuomba moto wa jiko walianza kumwitikia, hawajui wanashangilia nini. Mama mkwe akaingia. Kufikia ya kumi tulikuwa tunapiga kelele pamoja, moja! moja!, na kufikia ya kumi na saba mama mkwe alipiga vigelegele hadi mbwa wakakimbia. "Ametarikiwa!" alilia. "Bibi-mwenza ametarikiwa!" Mimi nilikuwa nalia na kucheka, pua inatiririka, chaki kwenye nywele, na sikuona aibu hata kidogo.

Mzee ndiye aliyetulia kwanza. Alirudi barazani, akachukua lile daftari lililokauka na kuwa la rangi ya chai.

"Hii chai ilimwagwa na nani?"

"Ni kuku," mama mkwe alisema upesi.

Aliningoja mimi. Nilikuwa na miaka minne ya heshima nyuma yangu, na nilijua inaweza kuisha kwa neno moja. "Ni mimi, baba," nilisema. "Nilijua tangu muhula uliopita. Nilitazama kwenye simu. Nisamehe."

Aliligeuza daftari mkononi. "Hukuniambia jibu," alisema hatimaye. "Ulinifanya nirudie kazi yangu. Mimi mwenyewe nimewafanyia watoto hivyo miaka yote." Kisha akainua ule ukurasa mchafu hadi karibu na jicho la kushoto. "Lakini nataka kuliona kosa."

Alilifuata kwa kidole chini ya doa. Alilipata. Aliguna. Halafu kidole kikapanda polepole hadi juu ya ukurasa, kwenye tarehe, kikasimama hapo. Aliisoma mara mbili. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa sekunde moja nilidhani tumemvunja moyo. Kumbe anacheka, kicheko kisicho na sauti, machozi yakishuka kando ya miwani. Alimpa mama mkwe daftari. Naye akaitazama ile tarehe, akaketi chini pale pale kwenye udongo.

"Hii kutoa niliifanya nimesimama," mzee alisema. "Mtu alikuwa amekuja na baiskeli kutoka hospitali. Ananiambia twende, mimi namwambia ngoja nimalize mstari."

Mimi, nisiyesahau baki ya hesabu yoyote, ndipo nilipogundua kwamba nimeishi na mwanamume miaka minne na siijui vizuri siku yake ya kuzaliwa. Nilikuwa nimeitazama tarehe ile kwa wiki nzima.

"Mwite mume wako," mzee aliniambia.

Mume wangu alikuwa kwa jirani, kichwa ndani ya friji. Alikuja na bisibisi mkononi, akakuta baba anafuta machozi, mama yuko chini, watoto wa watu wanaimba moja moja, na mlango wa ghala umejaa tarakimu. "Nimefanya nini tena?" aliuliza.

"Umezaliwa," baba yake alisema. "Saa tisa na nusu. Ungesubiri hadi saa kumi, ningekuwa nimemaliza hii hesabu zamani."

"Basi pole, mzee."

"Pole ya nini? Nilifika nikakukuta bado hujaoshwa." Aliweka daftari chini, akainuka, akamfuata mwanawe hadi katikati ya uwanja. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, chaki na yote, akakaa ameushika hivyo.